Faini ya Ziwa

Ndugu yangu mdogo ana mtungi wa gesi ambao haujajazwa tena tangu aupate. Alipewa kwenye mkutano wa hadhara, pamoja na jiko lake, akapigwa picha akiupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Gesi iliyokuwamo iliisha kabla maharage hayajakomaa shambani. Kuujaza ni mpaka Kasulu mjini, na fedha ya kuujaza ndiyo hiyo hiyo ya mbolea. Basi mtungi ukahamia sebuleni, ukawekewa kibao juu, na juu ya kibao ikakaa redio. Shemeji yangu anapika kwa kuni, kama mke wangu, kama mama yetu alivyopika.

Nimeanza na mtungi kwa sababu nina hasira, na nimejifunza kwamba mtu mwenye hasira aanze na kitu alichokiona kwa macho yake, asije akasema uongo. Nilisomea ukatekista nikiwa kijana, nikautumikia mpaka mvi zikaniota. Nimewaambia watu wengi sana wasilale na uchungu moyoni. Mungu amenipa afya, mke mwenye subira, na shamba linalonilisha, na kila asubuhi namshukuru kwa hayo. Lakini jambo lililotokea nyumbani kwangu, upande huu wa Kitanga, karibu na mpaka wa Burundi, nimelala nalo mara nyingi, na sijaona sababu ya kulificha.

Redio iliyokaa juu ya mtungi ndiyo iliyomfundisha ndugu yangu habari za ziwa. Si ziwa letu la Kigoma. Ni lile la kusini, Nyasa, ambalo yeye hajawahi kuliona na mimi sijawahi kuliona. Sisi tunasema mpaka umepita katikati ya maji. Majirani zetu wa Malawi wanasema maji yote ni yao mpaka ufukweni kwetu, kwa sababu wakoloni wawili walikaa mezani huko Ulaya wakaandika hivyo. Ugomvi huo ni wa zamani, na ulikuwa umelala. Ulipoanza kusemwa kwamba chini ya ziwa huenda kuna mafuta na gesi, ukaamka. Tangu hapo kila baada ya muda redio inaupiga tena, watu wanapiga simu studio, mmoja anasema tusikubali hata tone, mwingine anasema vijana wapo tayari. Ndugu yangu alikuwa akisikiliza hayo huku amekaa kwenye kigoda, sikio lake likiwa karibu na mtungi mtupu, na anapoinuka anakuwa amejaa yeye.

Sasa nieleze kuhusu mjukuu wangu. Baba yake, mwanangu wa kwanza, alifariki binti akiwa hajaanza shule, na mimi na mke wangu tukamlea. Amesomea uuguzi na anafanya kazi kule Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo. Huko alikutana na kijana wa visima, fundi wa mashine za kuvuta maji, ambaye shirika lake lilimleta kutoka kwao Karonga. Karonga ni Malawi, mwanzoni kabisa mwa nchi yao, ng'ambo ya mto Songwe. Watu wa huko na Wanyakyusa wetu wa Kyela ni ndugu, wanasikilizana lugha, na wengi wanajua Kiswahili. Alipomleta kwangu mara ya kwanza, kijana alipiga goti kidogo kusema shikamoo, kisha akaniuliza kama kisima chetu kinakauka kiangazi. Nikajibu ndiyo. Akaondoka kwenda kukitazama kabla hajanywa chai. Mke wangu alisema, "Huyu hata akininyima mahari nitampa mtoto."

Tukakubaliana wazee wake waje. Walikuja wawili, baba yake mkubwa na shangazi yake, wakapita Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, wakafika kwetu wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Baba mkubwa alikuwa mrefu, mpole, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua kila alipoingia ndani. Ni mzee wa kanisa huko kwao. Usiku wa kwanza tuliomba pamoja, na aliomba vizuri, kwa maneno machache. Tuliwalaza kwa ndugu yangu kwa sababu nyumba yake ina sakafu ya saruji. Huko ndiko alikouona mtungi na redio yake.

Siku ya maongezi ilikuwa Jumamosi. Msemaji wa upande wetu alikuwa ndugu yangu. Ni haki yake, kwani mimi kama babu wa binti nakaa kimya na kutikisa kichwa tu. Isitoshe, yeye ana mdomo. Ujanani alikwenda mashamba ya mkonge kule Tanga, akaishi na watu wa makabila mengi, akajifunza utani. Nani asiyejua utani? Ni makabila mawili yaliyoachiwa na mababu kutukanana bila kuudhika, mtani akifika msibani kwako anakunyang'anya hata jembe la kuchimbia kaburi, na unacheka ukiwa na machozi. Ndugu yangu alirudi kutoka Tanga akiwa bingwa. Kosa lake, tangu zamani, ni kuamini kwamba kila anayecheka naye mara moja tayari ni mtani wake.

Wageni waliketi. Baba mkubwa akaanza kwa adabu, "Tumesikia nyumba hii ina mbegu nzuri ya maharage. Kwetu mbegu imeharibika."

"Mbegu ipo," alisema ndugu yangu, "lakini mmekaa kabla ya kuambiwa kaeni. Faini."

Watu wakacheka. Shangazi akafungua mkoba, akatoa kilo ya sukari kama mtu aliyejua toka nyumbani kwamba itahitajika.

"Faini ya pili. Kijana wenu amemtazama mkwe machoni."

"Macho yake hayana adabu tangu utoto," alisema shangazi, "tumemwombea bila mafanikio," akatoa kitenge. Mke wangu alikipokea akakiweka begani papo hapo. Mambo yalikuwa mazuri. Nyumba ilikuwa imejaa, madirishani wamejazana vijana wa kijiji, na simu zao zimeinuliwa juu.

Ndipo ndugu yangu akasema, "Faini ya tatu ni kubwa kidogo," akatoa ishara mlangoni. Mwanawe akaingia akiuviringisha ule mtungi sakafuni.

Sikuwa nimeambiwa. Nataka hilo lieleweke.

"Nyinyi tangu leo ni watani wetu," alisema. "Nanyi mnakula samaki, sisi tunakula samaki. Faini ya tatu, mturudishie ziwa. Lote hatulitaki, hatuna tamaa. Nusu tu, ile yenye gesi. Na kwa kuanzia mtujazie huu."

Madirishani walipiga kelele za furaha kama mpira umeingia golini. Kijana wetu wa visima alitabasamu, tabasamu la mtu anayeomba jambo lipite haraka. Baba yake mkubwa hakutabasamu. Aliutazama mtungi kwa muda, kisha akamtazama ndugu yangu.

"Mimi na wewe ni watani tangu lini?"

"Tangu ulipovuka mlango huu, Mzee."

"Kwetu utani unarithiwa. Hauanzishwi na mtu mwenye mtungi."

Wengine walicheka tena, maana alilisema kwa upole, na kama ndugu yangu naye angecheka na kuketi, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini baba mkubwa aliendelea, si kwa ugomvi, kama mtu anayeeleza kwa nini hawezi kula chakula fulani. Alisema mtoto wa dada yake ni mvuvi. Alikamatwa ziwani na watu waliovaa sare, akapigwa, mtumbwi na nyavu vikachukuliwa. "Tulipouliza kwetu, wakatuambia sare zile ni za kwenu. Tulipouliza kwenu, wakatuambia ni za kwetu. Mpaka leo hatujui ni nani aliyempiga. Kijana yupo hai, tunashukuru, lakini haingii majini tena, na hajui kazi nyingine. Kwa hiyo ndugu zangu, faini nyingine tutalipa. Hiyo mtusamehe."

Nilifungua mdomo niseme pole. Ndugu yangu alinitangulia. Alikuwa amesimama, na vijana walikuwa wanamtazama, na nadhani ile redio ilikuwa bado inazungumza kichwani mwake.

"Si angeuliza njia kwanza," alisema. "Ziwa lina mwenyewe."

Nje dirishani sauti ya kijana mmoja ikadakia, "Wapelekwe Nduta wakapewe kadi za mgawo."

Baba mkubwa alichukua kofia yake. Alinishukuru mimi kwa chakula, akamshukuru mke wangu kwa maji ya kuoga, akatoka. Shangazi alimfuata. Sukari na kitenge waliviacha, na nilipomwona mke wangu anakivua kile kitenge begani, akikikunja taratibu, nilijua kwamba ndani ya mwili wangu kuna hasira ambayo sijawahi kuikuta katika mafundisho yote niliyofundishwa.

Na haikuishia hapo. Wageni wakiwa uani wanafunga mizigo yao iliyoletwa kutoka kwa ndugu yangu, walikuja vijana wawili wanaojiita ulinzi wa kijiji. Hawakutumwa na mtu, walisikia tu kelele, na tayari video ilikuwa imefika kwenye simu zao kabla wao hawajafika kwangu. Wakataka kuona karatasi za wageni. Baba mkubwa akatoa hati yake ya kusafiria yenye mihuri yote. Mmoja akaipiga picha kila ukurasa kwa simu yake, hata zile tupu.

"Umekuja kufanya nini huku mpakani?"

"Kuposa."

"Kumposa nani?"

"Mjukuu wangu," nilisema mimi, "na wewe nilikufundisha kipaimara, ukakariri amri zote bila kukosea. Ondoka hapa."

"Babu, ni usalama tu wa nchi."

"Nchi ipi imekutuma?"

Hakuondoka mpaka alipomaliza kupiga picha. Mgeni wangu alisimama uani kwangu amenyoosha mkono kusubiri arudishiwe hati yake, kofia ikiwa kwapani, jua likimpiga utosini. Nimeyaona mengi na mengi nimeyasahau. Mkono ule ulionyooshwa sijausahau.

Maana mkono ule ni wetu sisi Waha. Ni nani katika nchi hii asiyejua namna Mha anavyosafiri? Unapanda basi hapa, mnafika kizuizini, mtu anaingia ndani na kuwatazama, anasikia tunavyotamka, anasema wewe, wewe na wewe, shukeni. Wanatuuliza tumetoka Burundi lini. Wanatuuliza jina la mtemi, jina la mlima, babu alizikwa wapi. Mimi niliwahi kuambiwa niimbe wimbo wa taifa kando ya barabara, mbele ya abiria waliokuwa wanachungulia, na niliuimba wote, beti zote mbili, nimevaa shati langu la kanisani. Na ndugu yangu, huyu huyu bingwa wa utani, aliwahi kukalishwa kwenye kizuizi akitoka Tabora tangu asubuhi mpaka jua likaenda chini, basi likamwacha, mzigo wake ukaenda nalo. Aliporudi nyumbani alilia. Mbele yangu alilia, mtu mzima. Na sasa alipopata mgeni wa kumfanyia vivyo hivyo, alimfanyia.

Nilimkuta sebuleni kwake, ameurudisha mtungi mahali pake.

"Kaka, ilikuwa utani," alisema kabla sijasema.

"Yule aliyekukalisha kizuizini naye alikuwa anacheka."

"Hilo ni jingine."

"Ni jingine kwa sababu siku ile ulikuwa chini."

Aliirudisha redio juu ya kibao. Akasema, "Lakini ziwa si letu kweli?"

Nikamwambia sijui. Na ni kweli sijui. Nimesoma kwamba kusogeza alama ya mpaka wa jirani ni dhambi, na nimeliamini hilo maisha yangu yote. Hapa kijijini mpaka wa shamba ni minyaa iliyopandwa na watu wawili waliosimama pamoja, kila mmoja akishika upande wake wa kamba, na watoto wao wakitazama ili wakumbuke. Lakini mipaka ya nchi hakuna aliyeshika kamba. Waliopanda minyaa ile hawakuwahi kulima hapa. Wametuachia, wakaondoka, na sasa wapo wanaotafuta gesi chini yake, na hiyo gesi ikipatikana haitapanda mlima huu kuja kwenye mtungi wa ndugu yangu. Hilo nalijua hata bila redio. Itapita juu ya vichwa vyetu kama ndege, na sisi tutabaki chini tumeshikana mashati.

Jioni ile kijana wa visima aliwapeleka wazee wake Kasulu mjini, kwenye nyumba ya wageni, wasubiri basi la Jumatatu. Mjukuu wangu alibaki. Alikuwa ameketi jikoni na bibi yake, amevua nguo ya shughuli, amevaa ile ya kazi.

"Babu," alisema, "mimi sikuposwa na ziwa."

"Kijana amesemaje?"

"Amesema anawasindikiza wazee. Hakusema kama Jumatatu atarudi kazini Nduta au atapanda basi pamoja nao. Nilimwuliza. Akasema baba yake mkubwa ndiye aliyemlea."

Hapo nilimwelewa kijana kabisa, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlea huyu binti. Kijana yule hangemwoa mtoto wa nyumba iliyomdhalilisha mzee wake, na kama angekubali, mimi mwenyewe ningemdharau.

Mke wangu alikuwa anatazama kikapu kilichokuwa kando ya mafiga. Tangu Ijumaa alikuwa ameandaa impamba, ambayo kwa Kiha ni chakula cha njiani cha mgeni. Viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga za kukaanga, chupa ya asali. Kwetu mgeni haondoki bila impamba. Hata aliyekuja kudai anapewa. Anayetoka mikono mitupu ametoka kwa adui, na huyo hana sababu ya kurudi.

"Wameondoka hivi hivi," alisema. "Nyumba hii haijawahi."

Jumapili sikusimama mbele ya watu. Nilimwomba mwenzangu aongoze ibada, nikakaa benchi la nyuma, na wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono kila aliyenyoosha wake, isipokuwa kijana aliyepiga picha hati ya mgeni. Nilijaribu. Mkono haukuinuka. Namwomba Mungu anisamehe, ila sitasema uliinuka.

Baada ya ibada nilimfuata ndugu yangu. "Vaa viatu. Beba kikapu."

"Tunakwenda wapi?"

"Unakwenda kulipa faini."

Gari dogo la abiria lilitubana nyuma, watu wanne kwenye kiti cha watatu, na kikapu kilikaa mapajani mwake njia nzima. Dereva alikuwa ameiona video. Alicheka akasema, "Mzee wa ziwa, si wewe?" Ndugu yangu alitazama nje. Mwanamke mmoja akasema kwamba wageni wale walistahili, kwa sababu nchi ni nchi. Nilimwuliza anatoka wapi. Akasema Kitanga. Nilimwuliza dada zake wameolewa wapi. Akasema mmoja yupo Burundi. Sikuongeza neno, kwa kuwa nilijua nikiongeza nitapiga kelele.

Tuliwakuta uani kwenye viti vya plastiki. Kijana aliinuka akatupisha, akabaki amesimama ukutani. Begi lake lilikuwa pale, kubwa, limefungwa, pamoja na mabegi ya wazee. Nililiona, nikadhani anaondoka nao.

Baba mkubwa alitupokea kwa heshima ile ile, akavua kofia. Nilimwambia kwamba sikuja kuzungumza habari za ndoa, nimekuja kwa sababu mgeni wangu ametoka bila chakula cha njiani, na kwamba aliyemfanya atoke hivyo nimemleta. Kisha nikanyamaza. Niliona vigumu kunyamaza, lakini nilinyamaza.

Ndugu yangu aliweka kikapu chini katikati yao. Alianza maneno marefu ya mshenga, akaona hayaendi, akayaacha. Akasema, "Mzee, mimi nilishawahi kushushwa kwenye basi. Nikaulizwa babu yangu alizikwa wapi. Najua ilivyo. Nilijua hata nilipokuwa nasema. Nisamehe."

Baba mkubwa hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikitazama kikapu. Kwetu aliyeleta impamba ndiye anayeonja kwanza, ili mwenye safari ajue hakuna ubaya ndani yake, nami nikamkumbusha ndugu yangu. Akachukua kiazi, akakimenya, akakila chote bila maji. Kilikuwa kimekauka tangu Ijumaa. Kilimkaba, macho yakamtoka, akapiga kifua, na shangazi wa kijana akainua kikombe chake cha chai akampa, akisema, "Kunywa, usije ukafa tukaambiwa tumechukua na roho."

Baba mkubwa alicheka. Kidogo, puani.

"Ule mtungi uko wapi?" aliuliza.

"Umebaki nyumbani, Mzee."

"Ungekuja nao. Ningekwenda nao Karonga nikakujazia ziwani. Maji yapo ya kutosha."

Ndugu yangu alifungua mdomo. Jibu nililiona linakuja, limefika kwenye meno. Nilimkanyaga mguu. Akaufunga, na nadhani katika maisha yake yote ya utani ilikuwa mara ya kwanza kupigwa neno na kukubali kuondoka nalo.

Baba mkubwa alichukua kiazi akala. Halafu akasema, akinitazama mimi, "Mimi siwezi kuja tena kwenye nyumba ile. Si kwa ubaya. Miguu haitakubali. Mtakuja nyinyi. Mtavuka Songwe, mtaketi kwetu, na vijana wetu nao wana simu. Mkitoka salama, tutazungumza habari za mbegu."

Nilimwambia ni haki. Nilimwambia tutakuja wote wawili.

"Huyu aje," alisema akimwonyesha ndugu yangu kwa kidole kilichojaa kiazi. "Huyu lazima."

Kijana alitoka ukutani. Alilichukua begi lake kutoka katikati ya mabegi ya wazee akalisogeza upande wake wa kiti, karibu na mlango wa kuelekea stendi ya magari ya Kibondo. Nilitoa simu nikampigia mjukuu wangu, nikamwambia Jumatatu kisima cha Nduta kitakuwa na fundi wake. Nikasikia jogoo upande wake, kisha akaniuliza kama tumekula.

Hayo yamepita na bado hatujavuka Songwe. Ninatafuta hati ya kusafiria, mimi na ndugu yangu, kwa umri wetu huu. Nilikwenda ofisi ya uhamiaji na cheti changu cha ubatizo na barua ya mtendaji, nikapokelewa na kijana mwenye adabu aliyeletwa huku kikazi kutoka mkoa mwingine. Alisoma nilikozaliwa. Akaniomba, samahani Mzee, nilete ushahidi wa alikozaliwa babu yangu, kwa sababu huku ni mpakani. Nilimwambia babu yangu alizaliwa kabla mpaka haujazaliwa. Alitabasamu akasema utaratibu ni utaratibu. Simlaumu yeye. Ninawalaumu wengi, ila si yeye. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabarani, nikiomba njia nzima, na nilipofika sikukumbuka niliomba nini.

Mke wangu ameanza kukaanga karanga, ingawa tarehe haijulikani. Mjukuu wangu anapiga simu kila Jumapili na haulizi, jambo ambalo ni baya kuliko kuuliza.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya ndugu yangu kwenda pale pale. Alirudi mchana, akaja kwangu moja kwa moja bila kupita kwake. Akasema wamemwuliza babu alizikwa wapi. Akasema kwa umri huu, Kaka, mtoto mdogo kabisa, ananiuliza mimi, huku ameketi. Nilimpa kigoda. Nilimpa maji. Nikamwuliza kama ameshalipa hiyo faini ya ziwa.

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.